Sensa ya Ndege wa Baharini: Hesabu ya Angani Inaaminika Kiasi Gani?

Machi 2018 jarida la Scientific Reports lilichapisha hesabu iliyowashangaza hata watafiti waliozeekea Antaktika. Katika Visiwa vya Danger, visiwa tisa vidogo vya mawe karibu na ncha ya kaskazini ya Rasi ya Antaktika, zilihesabiwa jozi 751,527 za pengwini aina ya Adélie. Idadi hiyo peke yake ilizidi jumla ya pengwini wa aina hiyo waliojulikana katika sehemu nyingine zote za rasi hiyo. Wanasayansi wamekuwa wakifika katika rasi hiyo kwa zaidi ya miaka 100, wamejenga vituo na kuchora ramani, na bado ndege milioni moja na nusu walikuwa nje ya daftari.

Bahari inayozunguka visiwa hivyo hujaa barafu nzito hata wakati wa kiangazi, na manahodha wengi huikwepa. Kilichowafichua pengwini hao ni kinyesi chao. Mwaka 2014 Mathew Schwaller wa NASA na Heather Lynch wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, wakipekua picha za setilaiti za Landsat, waliona madoa ya kinyesi mengi kuliko ilivyotarajiwa. Pengwini wa huko hula krili, viumbe wadogo wekundu wa jamii ya kamba, na rangi hiyo hubaki katika kinyesi chao hata mawe yakageuka rangi ya waridi. Kila nukta ya picha ya Landsat hufunika eneo la mita 30 kwa 30, kwa hiyo hakuna ndege hata mmoja anayeonekana humo. Yanayoonekana ni madoa tu. Desemba 2015 timu ya watafiti ilifika kwa meli, ikahesabu kwa miguu na kwa droni, na doa likageuka kuwa namba.

Kisa hicho kinabeba swali zima ninalotaka kulichambua. Tunapowahesabu ndege wa baharini kutoka juu, katika visiwa ambavyo binadamu hafiki kwa urahisi, tunapata nini hasa? Msimamo wangu ni huu: anga hutujibu vizuri tukiuliza ndege wako wapi, hutujibu kwa kadiri tukiuliza wako wangapi, na mara nyingi hunyamaza tukiuliza kwa nini wamepungua au wameongezeka. Anayeyachanganya maswali hayo matatu atafanya maamuzi mabaya juu ya bahari, hata kama kamera yake ni ya bei kubwa.

Kwa nini wahesabiwe

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndege wa baharini ni mali ya aina hiyo. Sehemu kubwa ya maisha yao hupita mbali na macho yetu. Kinda wa buabua mgongo-mweusi akishaondoka kisiwani alipoanguliwa, hukaa baharini miaka kadhaa bila kukanyaga nchi kavu. Nafasi bora ya kuwahesabu ni pale wanaporudi kutaga, wakakusanyika kwa maelfu mahali pamoja, kila jozi na kiota chake. Nafasi hiyo ikipita, kuwahesabu juu ya maji ni kazi ngumu mno.

Na kuna sababu ya kuwa na haraka. Mwaka 2015 Michelle Paleczny na wenzake walikusanya takwimu za mazalia ya ndege wa baharini duniani kote, wakakuta kwamba makundi yanayofuatiliwa yalipungua kwa takriban asilimia 70 kati ya 1950 na 2010. Jambo la pili katika utafiti huo linazungumzwa kidogo, nalo lina uzito uleule: makundi hayo yaliyofuatiliwa yalikuwa kama asilimia 19 tu ya ndege wote wa baharini. Wengine wote hawakuwa na hesabu ya kutosha kusema lolote.

Mvuvi wa pwani yetu haitaji jarida kujua thamani ya ndege hawa. Akiona buabua wanazunguka na kutumbukia mahali pamoja, anajua chini yake pana jodari wanaowasukuma samaki wadogo juu, naye hugeuza chombo kuelekea huko. Ndege wakipungua kisiwani, mara nyingi kuna kitu kimebadilika katika chakula kilichomo majini, na habari hiyo ingewafaa wavuvi pia kama ingefika mapema.

Kutoka dirisha la eropleni hadi setilaiti

Hesabu ya wanyama kutoka angani ina mizizi mirefu Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka juu ya Serengeti na eropleni iliyopakwa milia ya pundamilia, wakihesabu nyumbu na wanyama wengine. Januari 1959 eropleni hiyo iligongana na tumbusi ikaanguka, na Michael akafa. Tangu mwanzo kabisa, basi, kazi hii imekuwa na hatari ambayo mhesabuji wa ndege anaifahamu kuliko mwingine yeyote: anakwenda kwa makusudi mahali ambapo anga imejaa mabawa.

Katika miaka ya 1950 Leslie Brown, ofisa wa kilimo nchini Kenya, aliruka juu ya Ziwa Natron kutafuta mahali wanapozaliana heroe wadogo, yaani flamingo. Heroe si ndege wa bahari, lakini tatizo lake lilikuwa lilelile: viota vya udongo vilivyosimama katikati ya matope ya magadi, kilomita nyingi kutoka ukingoni. Kutoka juu aliviona. Alipojaribu kuvifikia kwa miguu, magadi yaliingia katika viatu vyake, yakamuunguza miguu vibaya hata akalazwa hospitalini. Hakuna mfano ulio wazi zaidi wa sababu inayowafanya watu wapande angani.

Miaka ya 1970, katika Serengeti hiyohiyo, Michael Norton-Griffiths aliandika mwongozo wa kuhesabu wanyama kutoka eropleni uliotumika sehemu nyingi za dunia. Fimbo mbili hufungwa kwenye mhimili wa bawa, na mhesabuji huhesabu tu wanyama wanaopita kati ya fimbo hizo, ili upana wa ardhi anayoihesabu ujulikane. Kundi likiwa kubwa, hupigwa picha na kuhesabiwa mezani. Mwongozo huo ulisisitiza jambo ambalo mtafiti Graeme Caughley naye alilionyesha mwaka 1974: mtu aliyeko angani karibu kila mara huona pungufu ya walioko chini. Kasi ikiongezeka, mwinuko ukiongezeka au ukanda ukipanuliwa, wanaokosekana huongezeka.

Kwa ndege wa baharini, eropleni na helikopta zilifaa zaidi pale ambapo ndege ni wakubwa, weupe, na wamekaa juu ya mwamba ulio wazi. Bass Rock, kisiwa cha mawe kwenye pwani ya mashariki ya Uskoti, ndicho mfano bora. Huko hutaga ganeti, ndege weupe wenye mabawa ya karibu mita mbili. Picha zilizopigwa kutoka eropleni mwaka 2014 zilionyesha maeneo 75,259 yenye ganeti, na hivyo kukifanya kisiwa hicho kuwa zalio kubwa kuliko yote ya aina hiyo duniani.

Setilaiti zilikuja na uwezo mwingine. Pengwini emperor huzaliana juu ya barafu ya bahari wakati wa majira ya baridi ya Antaktika, gizani, mahali ambapo baadhi ya makundi hayajawahi kutembelewa na binadamu. Mwaka 2009 Peter Fretwell na Phil Trathan wa British Antarctic Survey walitumia madoa ya kinyesi kuyapata makundi 38, kumi kati yake yakiwa hayajulikani kabla. Mwaka 2012 picha kali zaidi zilitoa makisio ya ndege 595,000 katika makundi 46. Kufikia 2024 orodha ilikuwa imefika makundi 66. Ndiyo aina ya kwanza ya ndege kupata sensa ya dunia nzima kutoka anga za juu.

Albatrosi walifuata. Mwaka 2014 Marekani ililegeza masharti ya uuzaji wa picha za setilaiti, na picha zenye nukta ya sentimita 30 zikaanza kupatikana. Albatrosi mkubwa ana mwili unaozidi mita moja, hivyo katika picha hiyo huonekana kama nukta chache nyeupe juu ya majani. Mwaka 2017 Fretwell na wenzake walionyesha kwamba nukta hizo zinahesabika. Waliijaribu njia hiyo Bird Island, South Georgia, ambako idadi ya viota ilikuwa inajulikana kutokana na kazi ya ardhini, kisha wakaipeleka katika visiwa vya Chatham vya New Zealand, ambako kushuka kutoka chomboni ni kazi ya hatari.

Kiota kinavyokuwa namba

Tutazame kwa karibu kazi ilivyofanyika Visiwa vya Danger, kwa sababu wengi hudhani droni hupaa, hupiga picha, na hesabu hutoka yenyewe.

Droni iliruka kwa mistari iliyonyooka juu ya kisiwa, ikipiga picha moja kila sekunde. Picha hizo hupishana kwa makusudi, ili zikiunganishwa zitoe picha moja kubwa ya kisiwa kizima. Kisha programu iliyofunzwa kutambua umbo la pengwini aliyelala juu ya kiota iliipitia picha hiyo na kuweka alama, na matokeo yake yakalinganishwa na hesabu ya watu. Bila ulinganisho huo, programu inaweza kukosea kwa uhakika uleule inaotumia kusema ukweli.

Lakini jambo la msingi zaidi ni kwamba wanasayansi hawakuwa wakitafuta idadi ya pengwini. Walikuwa wakitafuta viota. Pengwini Adélie wakishataga, mmoja huatamia na mwenzake huenda baharini kula, kisha hupokezana. Kwa hiyo, katika wiki chache za kuatamia, ndege mmoja aliyelala ni sawa na jozi moja. Wiki hizo zikipita, uwiano huo huvunjika: makinda huongezeka, waliopoteza mayai huondoka, na vijana wasiozaa huja kutangatanga kati ya viota. Picha ileile ikipigwa wiki sita baadaye itatoa namba nyingine kabisa, ingawa idadi ya jozi haijabadilika. Tarehe ya picha, basi, ina uzito sawa na ubora wa kamera.

Kwa buabua mgongo-mweusi hesabu ni ya namna nyingine. Huyu ndiye ndege wa baharini mwenye makundi makubwa kabisa katika magharibi ya Bahari ya Hindi. Watafiti Matthieu Le Corre na Sébastien Jaquemet walikadiria jozi milioni mbili katika Juan de Nova, kisiwa kidogo cha Mlango-bahari wa Msumbiji, na jozi 760,000 katika kisiwa cha Europa. Hakuna anayehesabu milioni mbili kiota kimoja kimoja. Mtafiti hupima kwanza ukubwa wa eneo lililojaa viota. Kisha huingia ndani yake na kuweka chini fremu yenye eneo linalojulikana, huhesabu mayai yaliyomo, na kurudia hivyo sehemu nyingi. Buabua huyu hutaga yai moja tu, kwa hiyo yai moja ni jozi moja. Wastani wa mayai kwa mita ya mraba ukizidishwa kwa eneo zima, hesabu imepatikana.

Njia hiyo inaonyesha wazi mgawanyo wa kazi. Picha ya angani hupima eneo kwa usahihi ambao mtu anayezunguka kisiwa kwa miguu hawezi kuufikia. Msongamano wa mayai hupimwa na aliyeinama chini. Na ukikosea yai moja tu katika kila mita ya mraba, katika hekta moja umekosea jozi 10,000.

Makosa yanapojificha

Je, hesabu ya droni ni bora kuliko ya mtu mwenye darubini? Ni vigumu kujua katika zalio la kweli, kwa sababu hakuna anayejua idadi halisi. Jarrod Hodgson na wenzake nchini Australia walipata njia ya kulikwepa tatizo hilo. Walipanga maelfu ya bata wa plastiki kwenye ufukwe karibu na Adelaide, kwa idadi wanayoijua wao, wakaunda mfano wa mazalia ya ndege. Waangalizi wenye uzoefu walihesabu wakiwa ardhini kwa darubini, na wengine walihesabu kwenye picha za droni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba hesabu za droni zilikuwa sahihi zaidi kwa asilimia 43 hadi 96. Anayetazama kutoka pembeni huona ndege wa mbele wakiwaficha wa nyuma. Anayetazama kutoka juu humwona kila mmoja.

Ushahidi huo ni mzito, na anayebeza droni leo anapaswa kuujibu. Hata hivyo bata wa plastiki hakimbii, hajifichi chini ya kichaka, wala hachimbi shimo. Jamii nzima za ndege wa baharini hutaga chini ya ardhi na kuingia kiotani usiku. Kwa kamera ya angani, kisiwa chenye maelfu ya ndege hao ni kisiwa kitupu. Huko hakuna mbadala wa mtu anayepiga magoti na kuingiza mkono shimoni, au anayecheza sauti iliyorekodiwa mlangoni na kusikiliza kama kuna anayeitika.

Hapo ndipo ninapoona hatari kubwa ya teknolojia hii. Fedha za utafiti hufuata mahali ambapo picha hutoka nzuri. Pengwini na albatrosi huhesabiwa tena na tena kwa sababu wanaonekana, na ndege wa mashimoni husahauliwa kwa sababu hawaonekani. Panya wakivamia kisiwa, hao wa mashimoni huwa miongoni mwa wa kwanza kuangamia, na kamera haitatoa habari yoyote.

Gharama wanayoilipa ndege

Watetezi wa hesabu ya angani husema haiwasumbui ndege. Kauli hiyo ni kweli nusu. Mtu akipita kwa miguu ndani ya mazalia ya buabua, maelfu huruka, mayai huachwa juani na shakwe hushuka kula. Setilaiti haina madhara hayo hata kidogo. Lakini eropleni na helikopta zina kelele, na droni ina madhara yake.

Mei 2021, katika hifadhi ya Bolsa Chica jimboni California, droni ya mtu asiye mtafiti ilianguka kwenye kisiwa cha mchanga walikokuwa wakitaga buabua. Ndege wapatao 3,000 walikimbia wasirudi, na mayai yapatayo 1,500 au zaidi yakaharibika. Zalio la msimu mzima lilipotea kwa siku moja.

Utafiti umetoa mwongozo wa kupunguza madhara. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa waliwafanyia majaribio ndege wa majini, heroe wakiwemo, wakaona kwamba kasi na rangi ya droni havikuleta tofauti kubwa, ila droni inapowashukia wima kutoka juu huwashtua zaidi. Wanaosoma jambo hilo wasikimbilie kudhani kwamba ndege aliyetulia hajaguswa. Katika visiwa vya Crozet, kusini mwa Bahari ya Hindi, wanasayansi walipopima mapigo ya moyo ya king pengwini waliokuwa wanaatamia, moyo ulipiga kasi droni ilipokaribia hata pale ambapo ndege hakuonyesha dalili kwa nje. Kanuni inayofuata hapo ni rahisi: paa mbali na viota, panda hadi mwinuko wa kazi ukiwa bado mbali, pita kwa mstari ulionyooka, na ondoka.

Namba haisemi kwa nini

Kisiwa cha Île aux Cochons, katika visiwa hivyohivyo vya Crozet, kilikuwa na king pengwini wengi kuliko mahali pengine popote duniani: jozi zipatazo 500,000 mwaka 1982. Kwa zaidi ya miaka 30 hakuna mtafiti aliyerudi kuhesabu. Henri Weimerskirch na wenzake walipolinganisha picha za setilaiti na zile zilizopigwa kutoka helikopta, walikuta zimebaki jozi zipatazo 60,000. Asilimia 88 walikuwa wametoweka. Picha za miaka ya katikati zilionyesha mimea ikiyarudia maeneo yaliyokuwa yamekanyagwa na pengwini, na hivyo watafiti wakaweza kusema kwamba anguko lilianza mwishoni mwa miaka ya 1990.

Uwezo wa anga uko hapo, na mipaka yake iko hapohapo. Picha zilionyesha kiasi na wakati. Kama chanzo kilikuwa ugonjwa, njaa au wanyama walioletwa na binadamu, hazikuweza kusema. Kwa hilo, mwaka 2019 ilibidi watu washuke kisiwani, wachukue damu na kuwafunga ndege vifaa vya kuwafuatilia.

Linganisha na Halley Bay ya Antaktika, palipokuwa na kundi la pili kwa ukubwa la pengwini emperor. Kati ya 2016 na 2018 setilaiti zilionyesha kwamba karibu hakuna kinda aliyepona, na picha zilezile zilionyesha barafu ya bahari ikivunjika kabla makinda hayajaota manyoya ya kuogelea. Mwaka 2022 jambo kama hilo lilitokea katika makundi manne kati ya matano ya Bahari ya Bellingshausen. Huku chanzo na matokeo vyote viliingia katika picha moja, kwa hiyo hitimisho lilikuwa na nguvu. Oktoba mwaka huo Marekani ilimtangaza pengwini huyo kuwa spishi inayotishiwa. Namba hubadilisha sera pale inapokuwa na hesabu ya awali ya kulinganishwa nayo.

Bass Rock inathibitisha hilo. Mafua ya ndege yalipowaua ganeti mwaka 2022, kila mtu aliona mizoga. Lakini hasara ilijulikana kwa sababu kulikuwa na hesabu ya 2014. Hesabu ya droni ya mwaka 2023 ilionyesha maeneo 51,844 yenye ganeti, upungufu wa takriban theluthi moja. Bila daftari la zamani, mizoga ingebaki kuwa masikitiko tu.

Bahari yetu nayo

Nje ya pwani ya Tanzania, kwenye maji makuu mashariki ya Dar es Salaam, kipo Fungu Kizimkazi, ambacho ramani za kigeni hukiita Latham. Ni kisiwa kidogo na tambarare cha matumbawe, hakina mti wala maji baridi, na hutagiwa na buabua wa aina zaidi ya moja pamoja na ndege mkubwa mweupe mwenye uso mweusi, wa jamii moja na ganeti wa Uskoti. Kwa upande wa Kenya, buabua hutaga katika visiwa vidogo vya Kiunga, Kisite na kile cha Whale Island karibu na Watamu.

Ndege hao wa Kenya hutaga wakati wa kusi, msimu ambao bahari huchafuka na chombo kidogo hushindwa kukaribia mwamba. Aidha, buabua wa kifua cha waridi wana tabia ya kuhama: mwaka huu kisiwa hiki, mwaka kesho kingine. Anayehesabu kisiwa kimoja tu anaweza kutangaza maafa kumbe ndege wamehamia jirani. Hesabu ya angani inayopita visiwa vyote kwa siku chache ingeondoa utata huo.

Haitafaa kwa wote. Wale weupe wakubwa wa Fungu Kizimkazi hukaa juu ya ardhi wazi, wametengana, na wanaweza kuhesabiwa kwa droni mmoja mmoja. Buabua mgongo-mweusi atahitaji droni ya kupima eneo na mtu wa kupima msongamano wa mayai. Buabua wa aina nyingine, anayetaga nchini Kenya chini ya kingo za mawe na vichaka, hataonekana kabisa kutoka juu, na hesabu yake itabaki kuwa kazi ya mabaharia na watafiti wenye subira.

Wenye ujuzi wapo. Mradi wa kuchora ramani ya Zanzibar kwa droni ulioanza mwaka 2016 uliwafunza vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kurusha droni na kuunganisha maelfu ya picha za Unguja na Pemba. Anayeweza kupima kila paa la nyumba Unguja anaweza kupima zalio la ndege. Shelisheli, jirani zetu, wamekwisha kuona manufaa ya kuwahesabu ndege: utafiti wa muda mrefu wa Chris Feare kuhusu buabua wa huko ulitoa msingi wa kujadili ni mayai mangapi yanaweza kuvunwa kwa chakula bila kulimaliza kundi.

Ninachoomba ni mambo mawili. Mamlaka za hifadhi na za usafiri wa anga za Tanzania, Zanzibar na Kenya zikubaliane juu ya utaratibu mmoja wa kuwapa watafiti vibali vya kuruka juu ya visiwa vya ndege, na zizuie kwa ukali droni za watalii juu ya visiwa hivyohivyo wakati wa kutaga. Na vyuo vyetu vifanye hesabu ya kwanza ya pamoja, kwa njia iliyoandikwa wazi, msimu uleule, mwinuko uleule, ili atakayekuja baada ya miaka kumi aweze kuirudia bila kumuuliza mtu. Hesabu ya kwanza haitatuambia kama ndege wetu wanapungua. Hesabu ya pili ndiyo itakayotuambia, na haiwezi kuwepo kabla ya ile ya kwanza.